Tuijue Mionzi, Tusiiogope Bure

Huenda umewahi kufika Dar es Salaam. Kama bado, twende pamoja kwa mawazo. Tumepanda pantoni kutoka Kigamboni. Sasa tunashuka ng'ambo ya pili. Hapa ni Kivukoni. Watu wengi hupaita Feri. Tunalipita Soko la Samaki, penye kelele za wauzaji na wanunuzi. Tunafuata barabara ya kando ya bahari. Bahari iko kulia kwetu. Kushoto tunaiona Ikulu. Tukiendelea mbele kidogo tunafika kwenye hospitali ya zamani. Hiyo ni Ocean Road. Wajerumani waliijenga katika miaka ya 1890. Mwaka 1996 iliundwa kwa sheria kuwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road.

Watu wanaoingia katika lango hili hawakuja kutazama bahari. Wengi wametoka mbali. Wamekuja kwa basi, na mfuko wa nguo mkononi. Ndani ya mfuko mna barua ya daktari. Barua inasema mgonjwa huyu atibiwe kwa mionzi.

Sasa tuseme barua hiyo ameipata mama mmoja wa kijijini kwenu. Jirani mmoja anamwambia, "Mama, usiende. Huo ni moto wa bomu la atomiki. Utakuunguza." Jirani wa pili anasema, "Akirudi tusile naye sahani moja. Mwili wake utakuwa umejaa mionzi." Mama anaogopa. Anaiweka barua chini ya godoro. Mwezi unapita, kisha miezi sita. Lakini ugonjwa haukai kumngojea. Unaendelea kukua.

Je, majirani hawa wamesema kweli? Maneno yao yana ukweli kidogo na makosa mengi. Ili tuweze kutenganisha ukweli na makosa, yatupasa tujue mionzi ni nini. Na ili tujue mionzi, tuanze na kitu kidogo sana.

ATOMU NI NINI?

Chukua msumari wa chuma. Ukate vipande viwili. Chukua kipande kimoja, ukikate tena. Endelea hivyo hivyo. Msumeno wako utashindwa mapema. Lakini tuseme unao msumeno usioshindwa. Mwishoni utaifikia chembe ndogo kabisa ambayo bado ni chuma. Ukiivunja hiyo, hutapata chuma tena. Chembe hiyo huitwa atomu.

Vitu vyote tunavyovigusa vimejengwa kwa atomu. Jembe, maji, udongo, samaki wa Feri na mwili wako, vyote ni atomu. Nazo ni ndogo mno. Itazame rula ya mtoto wa shule. Nafasi kati ya vijistari viwili vidogo ni milimita 1. Katika nafasi hiyo zinaweza kujipanga atomu za chuma milioni kadhaa.

Atomu nayo ina sehemu zake. Katikati kuna kiini. Ndani ya kiini mna chembe za aina mbili. Za kwanza huitwa protoni. Za pili huitwa nyutroni. Nje ya kiini kuna chembe nyepesi sana ziitwazo elektroni.

Kiini ni kidogo hata ukikilinganisha na atomu yenyewe. Tuseme atomu ya chuma ni kubwa kama kiwanja cha mpira chenye urefu wa mita 100. Basi kiini chake kingekuwa kama punje ya mtama katikati ya kiwanja. Hata hivyo karibu uzito wote wa atomu umo katika punje hiyo.

Idadi ya protoni ndiyo inayoonyesha atomu ni ya kitu gani. Kaboni, ambayo imo katika mkaa, ina protoni 6. Chuma kina 26. Shaba ina 29. Dhahabu ina 79. Urani ina 92. Protoni ni kama ukoo. Ukibadili idadi ya protoni, umebadili ukoo wa atomu.

Nyutroni si hivyo. Atomu mbili zinaweza kuwa za ukoo mmoja, lakini moja ikawa na nyutroni nyingi kuliko mwenzake. Hapo ndipo habari ya mionzi inapoanzia.

KIINI KISICHOTULIA

Viini vingi vimetulia. Tazama jembe la babu yako. Hata likiliwa na kutu, atomu zake za chuma ni zile zile. Hazikugeuka kuwa kitu kingine.

Lakini viko viini ambavyo havikutulia. Ni kama mzigo uliofungwa vibaya juu ya baiskeli. Mwisho wake kitu kitaanguka. Kiini cha namna hii hurusha nje chembe au nguvu, ili kipate kutulia. Hicho kinachorushwa ndicho mionzi. Tabia hiyo ya kiini huitwa unururifu.

Mtu wa kwanza kuuona unururifu ni Henri Becquerel wa Ufaransa. Ilikuwa mwaka 1896, katika miaka ile ile Wajerumani walipojenga hospitali ya Ocean Road. Becquerel aliweka madini yenye urani juu ya bamba la kupigia picha. Bamba lilikuwa limefungwa kwa karatasi nyeusi, mwanga usipite. Akayafungia vyote ndani ya droo. Alipolisafisha bamba, alikuta alama. Kitu fulani kilitoka katika urani, kikapita ndani ya karatasi. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre wakagundua vitu vingine viwili vyenye tabia hiyo. Waliviita poloniamu na radiamu.

Mionzi inayotoka katika kiini ina aina tatu kubwa:

Ya kwanza ni alfa. Hii ni chembe nzito. Karatasi moja inatosha kuizuia.

Ya pili ni beta. Hii ni elektroni inayotoka kwa kasi. Inapita katika karatasi, lakini bamba la alumini la milimita chache huizuia.

Ya tatu ni gama. Hii si chembe ya kitu. Ni nguvu, jamaa ya mwanga, ila haionekani na ina uwezo mkubwa zaidi. Inapita katika karatasi, bati na mwili wa mtu. Ili kuipunguza lazima kuwe na madini mazito ya risasi, au ukuta mnene wa zege.

Usidhani mionzi imeletwa na wataalamu tu. Ilikuwapo tangu zamani. Iko kidogo katika mawe, katika udongo na katika anga. Iko kidogo hata katika ndizi, kwa sababu ndizi ina potasi, na sehemu ndogo sana ya potasi haikutulia. Miamba ya Namtumbo, mkoani Ruvuma, ina urani. Babu zetu waliishi na mionzi hiyo ndogo, nasi tunaishi nayo. Basi jambo la kuuliza si kama mionzi ipo au haipo. Jambo la kuuliza ni kiasi gani.

KOBALTI YA HOSPITALI

Turudi Ocean Road. Kwa miaka mingi kazi kubwa ya tiba hapa imefanywa na mashine za kobalti. Baadaye zililetwa pia mashine zinazotengeneza mionzi kwa nguvu ya umeme. Leo tujifunze juu ya kobalti, maana inatuonyesha vizuri kazi ya atomu.

Kobalti ni jirani wa chuma. Chuma kina protoni 26, kobalti ina 27. Kobalti ya kawaida inayochimbwa ardhini ina nyutroni 32. Jumlisha 27 na 32. Utapata 59. Kobalti hii imetulia. Unaweza kuishika mkononi, wala haitoi mionzi.

Wataalamu huichukua kobalti hiyo wakaiweka ndani ya tanuri la nyuklia. Humo nyutroni nyingi huruka huku na huku. Kiini cha kobalti hupokea nyutroni moja zaidi. Sasa ina 33. Jumla si 59 tena, ni 60. Ndiyo maana huitwa kobalti-60.

Nyutroni hiyo moja imeharibu utulivu wote. Baada ya muda, nyutroni moja ndani ya kiini hugeuka kuwa protoni. Kiini hurusha beta, kisha hutoa gama. Sasa kina protoni 28. Je, unakumbuka tulivyosema juu ya ukoo? Atomu hii si kobalti tena. Imekuwa nikeli, nayo imetulia. Gama iliyotoka ndiyo inayotumika kumtibu mgonjwa.

KAMA BISI KATIKA SUFURIA

Atomu hizi hazibadiliki zote kwa pamoja. Fikiri unakaanga bisi. Punje moja inapasuka hapa, nyingine pale. Huwezi kujua ni punje ipi itafuata. Lakini mpishi mzoefu anajua baada ya muda gani nusu ya punje zitakuwa zimepasuka.

Atomu nazo ni hivyo. Tofauti ni moja. Bisi unaweza kuziharakisha kwa kuongeza moto. Atomu huwezi. Uzichome, uzigandishe au uzipige nyundo, zitafuata muda wake wenyewe. Muda wa nusu ya atomu kubadilika huitwa nusu-maisha.

Nusu-maisha ya kobalti-60 ni miaka 5 na miezi 3 hivi. Nusu-maisha ya iodini-131 ni siku 8. Ya urani-238 ni miaka bilioni 4.5.

Sasa tufanye hesabu. Mashine mpya ya kobalti ina nguvu ya 100. Baada ya miaka 5 na miezi 3 itabaki 50. Baada ya miaka 10 na miezi 6 itabaki 25. Mgonjwa aliyehitaji dakika 2 mashine ilipokuwa mpya, sasa atahitaji dakika 8 ili apate kiasi kile kile. Foleni nayo inakuwa ndefu. Kwa hiyo kobalti ya hospitali lazima ibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Hii si kazi rahisi, wala si ya bei ndogo.

INAVYOTIBU

Mwili wetu umejengwa kwa seli. Kila seli ina maagizo ndani yake. Maagizo hayo huiambia seli lini ijigawe na lini iache. Saratani ni seli ambazo maagizo yake yameharibika. Zinajigawa bila kikomo. Ni kama magugu yanayolisonga shamba.

Gama ikipita katika seli hukata maagizo hayo. Seli iliyokatwa vibaya haiwezi tena kujigawa. Inakufa. Seli nzima nazo huumia, lakini kwa kawaida huweza kujitengeneza vizuri kuliko seli za saratani. Ndiyo sababu daktari hatoi mionzi yote siku moja. Huigawa vipande vidogo. Mara nyingi mgonjwa hutibiwa siku 5 kwa juma, kwa majuma kadhaa. Mwili mzima unapata nafasi ya kujitengeneza, na saratani inazidi kudhoofika.

Mgonjwa hulala kitandani. Mashine huelekezwa mahali palipo na ugonjwa. Wahudumu hutoka chumbani, mlango hufungwa. Wao humtazama kutoka nje. Baada ya dakika chache kazi imekwisha. Wakati wa kupigwa mionzi hakuna maumivu. Baadaye ngozi yaweza kuwa nyeusi au kuchubuka, na mgonjwa aweza kuchoka au kuharisha. Hayo ni ya kumweleza daktari. Si sababu ya kukimbia tiba.

Sasa tumjibu jirani wa kwanza. Mionzi huunguza? Ndiyo, ikiwa nyingi. Kwa hiyo hupimwa, kama dawa inavyopimwa. Je, mashine hii ni bomu? La. Bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 lilipasua viini vya urani vingi mno kwa mara moja. Kobalti ya hospitali haiwezi kulipuka hivyo. Inafanya kazi yake polepole, kiini kimoja kimoja.

Tumjibu na jirani wa pili. Je, mama atarudi na mionzi mwilini? Gama ya mashine ni kama mwanga wa taa. Ukizima taa, hakuna mwanga unaobaki juu ya nguo yako. Vivyo hivyo mashine ikifungwa, hakuna gama inayobaki ndani ya mgonjwa. Mama huyo anaweza kula nawe sahani moja. Anaweza kumpakata mjukuu wake siku ile ile.

Iko tiba nyingine ya kumeza dawa yenye mionzi, kama iodini-131 kwa ugonjwa wa tezi ya shingo. Huyo hutoa mionzi kidogo kwa siku kadhaa, na hospitali humweleza akae namna gani na watu. Lakini huyu ni tofauti na mgonjwa wa mashine.

FUNZO KUTOKA UNGUJA

Wenzetu wafugaji wa Unguja wanalo funzo zuri. Zamani mbung'o waliwasumbua sana ng'ombe wao kwa ugonjwa wa nagana. Mbung'o walifugwa kwa wingi Tanga. Madume yalipigwa mionzi kwa kiasi kilichopimwa. Hayakufa, ila yalikuwa tasa. Kuanzia mwaka 1994 hadi 1997 mamilioni ya madume hayo yalimwagwa Unguja kutoka katika ndege. Majike yaliyopandwa nayo hayakuzaa. Mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa kuwa hakina tena mbung'o.

Madume hayo hayakusambaza mionzi kisiwani. Yalikuwa yamepigwa mionzi, wala hayakubeba mionzi. Ni sawa na yule mama wa Ocean Road.

MIONZI ISIYO NA MLINZI

Lakini tusidharau. Mionzi haina rangi, haina harufu, haina sauti. Marie Curie aliishughulikia kwa miaka mingi bila kinga. Mwaka 1934 alikufa kwa ugonjwa wa damu, na yaaminika kuwa mionzi ndiyo iliyousababisha.

Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, nchini Brazil, watu wawili waliingia katika jengo la tiba lililoachwa. Walichukua chuma kizito wakakiuza kama chuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137. Gizani unga ule uling'aa rangi ya buluu. Watu waliupenda. Wakagawiana na ndugu na rafiki. Wengine wakajipaka mwilini. Watu 4 walikufa, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 6.

Biashara ya chuma chakavu hata kwetu ipo, mjini na vijijini. Kwa hiyo ijue alama ya mionzi. Ni duara dogo katikati, na mabawa matatu mapana yamelizunguka. Mara nyingi rangi yake ni nyeusi juu ya manjano. Ukiiona juu ya chombo kilichotupwa, usikiguse, usikifungue, wala usikiuze. Kaa mbali, zuia watoto, kisha upeleke habari kituo cha polisi au kwa viongozi wa kijiji. Wao watawaarifu Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Tume hiyo ndiyo inayosimamia usalama wa mionzi nchini.

Kinga ya mionzi ni mambo matatu. Kaa karibu nayo kwa muda mfupi. Kaa mbali nayo. Weka kizuizi kati yako na yenyewe. Ndiyo maana wahudumu wa hospitali hutoka nje ya chumba. Wao wako kazini kila siku, na kidogo kidogo hujaza kibaba. Mgonjwa yeye anakipokea kile kiasi alichopimiwa.

BARUA ILIYO CHINI YA GODORO

Ndugu msomaji, tumrudie mama yetu. Saratani inayowapata zaidi wanawake wa Tanzania ni ya shingo ya kizazi. Ikigunduliwa mapema inaweza kupona. Wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mwanamke akitokwa na damu isiyo ya siku zake, au baada ya kukutana na mumewe, au baada ya kukoma hedhi, asione haya. Aende kituo cha afya apimwe. Akipewa barua ya kwenda Ocean Road, au Bugando kule Mwanza ambako pia tiba ya mionzi hutolewa, asiifiche.

Safari ni ndefu, na majuma ya kukaa mjini yana gharama. Hapo ndipo kijiji kinapotakiwa. Mmoja atoe nauli. Mwingine amlimie shamba. Mwingine awatazame watoto. Hofu ya uongo isiwe mzigo mwingine juu ya mizigo hiyo.

Nawe unayejua kusoma, msomee jirani yako ukurasa huu. Kisha mwambie mama aitoe barua chini ya godoro.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ndani ya kiini cha atomu mna chembe gani mbili?
2. Kobalti-60 ina tofauti gani na kobalti ya kawaida?
3. Mashine ya kobalti yenye nguvu ya 100 itabaki na nguvu ngapi baada ya miaka 10 na miezi 6?
4. Kwa nini mgonjwa aliyetibiwa kwa mashine ya mionzi hawezi kuwadhuru watu wa nyumbani?
5. Kijiji chenu kinaweza kumsaidiaje mgonjwa anayetakiwa kwenda Ocean Road?